Mapambo ya Halloween ya Kutengeneza Nyumbani kwa Gharama Ndogo: Mwongozo Kamili

Mtu anayehamia Marekani na kufika mwishoni mwa Septemba hukutana na jambo ambalo hakuna aliyemwandaa kwalo. Majirani wenye heshima zao wanaanza kutundika mifupa kwenye miti, duka la vyakula linapanga mafuvu ya plastiki kando ya mikate, na haipiti wiki mbili watoto wanarudi kutoka shuleni wakiuliza kwa nini baraza yao peke yake iko tupu. Mzazi anapokwenda dukani kutazama bei, anakuta mfupa mmoja wa plastiki unagharimu chakula cha siku tatu, naye anarudi nyumbani akiwa ameamua kwamba sikukuu hii ni ya wenye pesa. Sivyo ilivyo. Kwa dola 20 hadi 25, jioni tatu au nne za kazi, na vitu ambavyo vingetupwa, nyumba inaweza kupambwa hadi wapita njia wakasimama.

Halloween ni usiku wa Oktoba 31, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Asili yake ni Ireland na Scotland, ambako Wakelti wa kale waliadhimisha Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa nusu ya mwaka yenye giza, na ni wahamiaji wa huko walioieneza Marekani katika karne ya 19. Wapo wazazi, Wakristo na Waislamu, wasiotaka mizuka nyumbani kwao, na sina nia ya kubishana nao. Karibu kila kitu kilichomo katika mwongozo huu kinaweza kufanywa kwa sura ya mavuno tu, yaani maboga, vibuyu, mabua ya mahindi na majani makavu badala ya popo na mafuvu.

Kabla ya kushika mkasi, lielewe jambo moja, kwa sababu maelezo yote yanayofuata yanaliegemea. Mapambo haya hutazamwa usiku, kutoka barabarani, umbali wa mita 10 au zaidi, na mtu ambaye hasimami muda mrefu. Mtu huyo haoni kama gundi ilimwagika au kama mkono wa mkataji uliteleza. Anachoona ni umbo na mwanga. Kwa hiyo pesa kidogo uliyonayo iende kwenye taa na betri, na maumbo uyatoe katika maboksi, makopo na madumu ya maziwa ambayo tayari umekwisha kuyalipia.

Kukusanya vifaa

Anza kukusanya mwanzoni mwa Septemba, kwani hiki ndicho kipengele pekee cha kazi hii kisichoweza kuharakishwa. Weka pembeni maboksi makubwa ya bapa, madumu ya plastiki ya galoni moja (karibu lita 4) ya maziwa, makopo ya nyanya na maharage, magazeti, maboksi membamba ya nafaka za kifungua kinywa, na ile mirija ya boksi inayobaki karatasi ya jikoni inapokwisha. Familia inayokunywa maziwa kwa kawaida itapata madumu 8 hadi 10 kufikia katikati ya Oktoba. Madumu yaoshwe siku hiyo hiyo yanapokwisha, kwa maji ya moto, sabuni na siki kidogo, yakaushwe bila kifuniko. Dumu lililofungwa na tone la maziwa ndani yake hutoa harufu ambayo hakuna sabuni itakayoishinda baadaye.

Vitakavyonunuliwa ni vichache: nyuzi mbili za taa ndogo za LED, mishumaa ya betri, gundi nyeupe, maka peni nyeusi ya wino usiofutika, kopo dogo la rangi nyeusi, shashi nyeupe (kile kitambaa chembamba chepesi, si karatasi) na maboga mawili. Taa za Krismasi za mwaka uliopita zinafaa kabisa ikiwa ni nyeupe au za rangi ya chungwa. Yale maduka yanayoitwa ya dola moja, ambayo siku hizi hayauzi tena kwa dola moja, bado ndiyo mahali nafuu pa kupata gundi, shashi na mishumaa ya betri, ila uende kabla ya Oktoba 10, kwani baada ya hapo rafu hubaki na vile vitu ambavyo hakuna aliyevitaka.

Vivuli vya madirishani

Ningekuwa na jioni moja tu na dola tatu mfukoni, ningefanya pambo hili na kuacha mengine yote. Ni picha kubwa za maboksi zinazobandikwa dirishani kwa ndani, zikimulikwa kutoka nyuma, hivi kwamba anayetazama kutoka nje huona kivuli cheusi ndani ya mraba wa mwanga.

Pima kwanza upana na urefu wa kioo. Chukua boksi, lifungue likae bapa, na uchore kwa penseli umbo moja kubwa linalojaza angalau nusu ya kioo: paka aliyekunja mgongo, bundi juu ya tawi, mkono wenye vidole virefu, au mti usio na majani. Umbo moja kubwa hushinda matano madogo. Bundi hasa ninampendekeza, kwa sababu mtu yeyote aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini bundi aliyetua dirishani anatisha. Kata kwa kisu cha wembe juu ya ubao au juu ya boksi jingine, ukipitisha kisu mara mbili au tatu polepole badala ya kukandamiza mara moja, na macho uyatoboe yawe makubwa kuliko unavyodhani yanastahili.

Kisha funika kioo chote kwa ndani kwa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Karatasi ya kuokea, au karatasi laini ya kufungia zawadi ya rangi ya chungwa, inatosha. Lile umbo libandike baina ya kioo na karatasi hiyo, kisha weka taa ya mezani sakafuni, mita moja hivi nyuma ya dirisha, imulike juu kuelekea karatasi. Hapa kuna siri ya kuokoa rangi: boksi halihitaji kupakwa chochote, kwani mwanga ukitoka nyuma yake, usiku litaonekana jeusi hata likiwa na maandishi ya kampuni ya usafirishaji upande wa pili.

Kuna kasoro moja. Huku Columbus, Ohio, ninakoishi, jua la Oktoba 31 huzama karibu saa 12 na nusu jioni, kwa kuwa saa hazirudishwi nyuma hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na miji mingi hupanga watoto wapite kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku. Hiyo maana yake ni kwamba wageni wako wadogo kabisa, ambao ndio hutangulia, watafika kukiwa bado kweupe na kuona boksi la kahawia. Ukitaka kuwafurahisha na hao, paka upande wa nje rangi nyeusi, mara moja tu.

Taa za madumu na taa za makopo

Dumu la maziwa lina rangi ya ukungu inayosambaza mwanga vizuri kuliko taa nyingi za dukani, na ndilo linalotoa mizuka ya kupanga kando ya njia. Simamisha dumu, mkono wake ukielekea nyuma, na kwa maka peni uchore upande wa mbele macho mawili ya yai na mdomo ulioachama, ukivijaza rangi nyeusi kabisa. Usichore pua, mizuka yenye pua huonekana kama watu waliopata habari mbaya. Badilisha umbo la mdomo kutoka dumu moja hadi jingine, mwingine duara, mwingine mrefu, ili safu isifanane na soda za kreti.

Nyuma, karibu na chini, kata tundu la upana wa sentimita 5. Tia kokoto au mchanga vikombe viwili kupitia tundu hilo, kwani dumu tupu hupeperushwa na upepo wa Oktoba kama karatasi. Kisha panga madumu yote katika mstari na uingize taa za LED za uzi mmoja, kiasi cha balbu 8 hadi 10 katika kila dumu, uzi ukitoka katika dumu moja na kuingia katika linalofuata. Uzi wa balbu 100 utawasha madumu 10. Hakikisha boksi la taa hizo linasema zinafaa kutumika nje, na uwe ni wa LED, usio na joto. Balbu za zamani huchemka na zinaweza kuyeyusha plastiki.

Taa za makopo zinadai subira zaidi, lakini hudumu miaka. Tatizo la kutoboa kopo kwa msumari ni kwamba kopo hubonyea, na dawa yake ni barafu. Osha kopo, toa karatasi ya nje, lijaze maji hadi libaki sentimita 2 kufika ukingoni, kisha liweke katika friza usiku mzima. Asubuhi chini ya kopo patakuwa pamevimba kidogo. Ni kawaida, na pigo moja la nyundo baadaye, barafu ikishayeyuka, litaparudisha. Laza kopo juu ya taulo iliyokunjwa ili lisibingirike, bandika juu yake karatasi yenye mchoro wa nukta, na ugonge msumari katika kila nukta, ukiacha nafasi ya sentimita moja kati ya tundu na tundu. Vaa glavu, kwa ajili ya baridi na pia kwa ajili ya ukingo wa kopo, ambao hukata kama wembe. Barafu ikiyeyuka, kausha, paka rangi nyeusi kwa nje na uweke mshumaa wa betri ndani. Watoto kuanzia miaka 8 wanaweza kugonga wenyewe mtu mzima akiwa kando yao. Walio wadogo zaidi wapewe kazi ya kuchora nukta.

Boga

Kabla ya boga kulikuwa na turnipu. Waayalandi walichonga sura za kutisha katika mzizi huo mgumu na kutia mshumaa au kaa la moto ndani, na Makumbusho ya Taifa ya Ireland yanahifadhi, katika kaunti ya Mayo, mfano wa plasta wa taa ya turnipu kutoka Donegal ambayo sura yake inatisha kuliko boga lolote nililowahi kuona. Marekani wahamiaji walikuta boga, tunda la bara hilo hilo, kubwa na rahisi kutoboa, nalo turnipu likasahaulika.

Mwaka wangu wa kwanza nilichonga boga Oktoba 18, nikijisifu kwamba nimewahi. Lilikuwa boga zuri, na kulikuwa na joto la ajabu wiki hiyo. Siku ya tano ukungu mweusi ulikuwa umeota ndani ya macho; siku ya saba mdomo uliporomoka kwa ndani kama wa mzee asiye na meno, kindi wakawa wamekula pua yote, na binti yangu alisimama mlangoni akauliza, "Baba, mbona boga letu limezeeka?" Boga lililochongwa ni tunda lililojeruhiwa. Katika hali ya baridi huishi siku 5 hadi 7. Katika joto, siku 3. Nunua mapema ukipenda, maana boga zima hudumu wiki nyingi mahali pakavu penye ubaridi, lakini usilitie kisu kabla ya Oktoba 28 au 29.

Unapochagua, gonga kwa kidole usikie mlio wa uwazi ndani, bonyeza chini uhakikishe hapajalainika, na utazame kikonyo kiwe kigumu na cha kijani. Usilibebe kwa kikonyo, kwani kikikatika huacha kidonda ambako uozo huanzia. Maboga makubwa ya kuchonga yana nyama yenye nyuzinyuzi na maji mengi, kwa hiyo anayetaka pia kupika anunue yale madogo ya duara yanayouzwa kwa ajili ya keki, ambayo ladha yake inakaribia maboga yetu.

Tandika magazeti mezani. Uamuzi wa kwanza ni mahali pa kufungua: ukitumia mshumaa wa betri, kata tundu chini ya boga badala ya juu, kwani kikonyo kitabaki imara na boga litaketi juu ya taa yake kama kawa juu ya sinia, bila kifuniko cha kusinyaa na kutumbukia. Ukipendelea kufungua juu, ingiza kisu kwa mshazari, ncha ikielekea katikati ya boga, ili kifuniko kiwe chembamba chini na kipana juu kisidondoke ndani. Na ukate kichongo kidogo pembeni kitakachokuonyesha namna ya kukirudisha.

Toa mbegu kwa mkono na uziweke katika bakuli. Kisha kwa kijiko kikubwa cha chuma kwangua nyuzinyuzi zote, na uendelee kukwangua ukuta wa upande utakaochongwa mpaka unene wake ubaki kama sentimita 2 na nusu. Wengi hulegea hapa kwa sababu kazi inachosha na haionekani, na ndiyo maana maboga yao huwa na giza: ukuta mnene huziba mwanga na kuufanya mchoro uonekane kama mashimo tu. Nyuzi zilizoachwa ndani ndizo pia zinazoanza kuoza.

Chora sura kwenye karatasi, ibandike juu ya boga, na utoboe mistari yake kwa pini au uma ili ibaki alama za nukta. Tumia msumeno mdogo wa kuchongea maboga, ambao huuzwa dola moja au mbili katika vifurushi, badala ya kisu cha jikoni. Msumeno huo hauna ukali wa kutisha na husonga mbele na nyuma, ilhali kisu hukwama kisha hutoka kwa ghafla, na ndicho kinachopeleka watu hospitali kila Oktoba. Anza na vipande vya katikati na vidogo, yaani macho na pua, kisha mdomo, ili boga libaki na nguvu muda mrefu. Vipande visukume kutoka ndani kwenda nje kwa kidole. Meno yaache mapana. Meno membamba hukauka na kujikunja siku ya pili.

Ukimaliza, changanya kijiko kimoja cha chakula cha jiki katika galoni moja ya maji, uliloweke au ulinyunyizie boga ndani na nje, kisha uliache likauke kabisa likiwa limepinduliwa. Jiki huua vijidudu vya ukungu. Baada ya hapo paka mafuta ya mgando kwenye kingo zote zilizokatwa ili zisipoteze maji, ila usifanye hivyo ukikusudia kutumia mshumaa wa moto, jambo ambalo hata hivyo silipendekezi. Mchana liweke kivulini, na usiku wa baridi kali liingize ndani, kwani boga likiganda kisha likayeyuka hugeuka uji.

Asiyetaka adha hii apake boga zima rangi bila kulitoboa. Boga lililopakwa hudumu hadi Novemba, mtoto wa miaka 3 anaweza kulifanya, na hakuna kisu. Kuna rangi moja yenye maana yake maalumu: boga la samawati iliyoelekea kijani, desturi iliyoanza Tennessee mwaka 2012, huwaambia wazazi kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo za kuliwa, kama vile penseli na stika, kwa ajili ya watoto wenye mzio wa karanga, maziwa na vyakula vingine.

Mbegu zisitupwe. Zioshe, zichemshe dakika 10 katika maji yenye chumvi, zikaushe kwa taulo, zitie mafuta kidogo na uzioke katika oveni ya nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 20, ukizigeuza mara mbili, mpaka zianze kuwa na rangi ya dhahabu na kutoa mlio mkavu zinapotikiswa kwenye trei. Wale waliokula mbegu za maboga utotoni watashangaa jinsi watoto wao wanavyozigundua kana kwamba ni kitu cha Marekani.

Mzuka wa shashi usio na mwili

Pambo hili ndilo linaloulizwa zaidi na wageni wangu, na gharama yake haifiki dola 4. Ni shashi iliyokaushwa ikiwa imesimama juu ya umbo, kisha umbo likaondolewa, ikabaki nguo tupu inayosimama yenyewe.

Jenga umbo kwanza. Jaza maji chupa ya soda ya lita 2, uiweke juu ya mfuko wa taka uliotandazwa, na juu yake bandika kwa tepu puto lililojazwa hewa kiasi cha kichwa cha mtoto. Mikono itengeneze kwa waya mnene uliofungwa shingoni mwa chupa, ncha zikiwa mbele kana kwamba mtu anapapasa gizani. Funika chupa na waya kwa mfuko wa plastiki ili shashi isigandie hapo.

Andaa kigandishi. Gundi nyeupe na maji kwa kiasi sawa ndiyo njia fupi. Njia ya bei ndogo zaidi ni wanga, ule ule uliokuwa ukitiwa kwenye sare za shule: koroga vijiko 4 vya chakula vya wanga wa mahindi katika maji baridi kidogo, umimine polepole katika vikombe 2 vya maji yanayochemka huku ukikoroga, na uipue ukishakuwa kama uji mwepesi unaong'aa. Uache upoe mpaka mkono uvumilie.

Kata shashi vipande viwili vya mita moja na robo. Tumbukiza kimoja, kamua kwa vidole kisibaki kikidondosha, kisha kitandike juu ya puto, katikati ya kitambaa ikiwa utosini. Cha pili kiweke juu yake kwa mshazari ili pembe ziangukie mahali tofauti. Vuta mikunjo kwa vidole, fungua nyuzi za chini zichanikechanike, na hakikisha kitambaa kinafika chini pande zote na kulala kidogo, kwa kuwa hicho ndicho kitakuwa mguu wake. Acha siku nzima. Katika nyumba yenye unyevu, siku mbili. Usijaribu kuharakisha kwa kuuweka jua kali, maana puto hupasuka kabla shashi haijashika.

Ikishakuwa ngumu kama karatasi, toboa puto, chomoa chupa na waya taratibu kutoka chini, na ubandike duara mbili za karatasi nyeusi ziwe macho. Weka mshumaa wa betri ndani, au uutundike mzuka barazani kwa mshipi wa kuvulia samaki usioonekana usiku. Usiuache mvuani hata dakika tano, kwani wanga utarudi kuwa uji na mzuka utazirai. Pazia kuukuu la neti linafaa badala ya shashi, ila lina uzito na huhitaji gundi, si wanga.

Mapambo madogo ya kujazia

Popo hukatwa katika maboksi ya nafaka. Kunja karatasi katikati, chora nusu ya popo kuanzia kwenye mkunjo, kata, kisha paka rangi na uinue mabawa kidogo yatupe kivuli ukutani. Popo 30 wanaopanda ukutani kwa mshazari, wadogo chini na wakubwa juu, hupendeza kuliko popo 30 waliotawanywa. Kwa nyumba ya kupanga, tumia gundi laini ya kubandua na usitumie tepu ya kawaida, inayoondoka na rangi ya ukuta na, mwisho wa mkataba, sehemu ya amana yako.

Utando wa buibui hutengenezwa kwa mfuko mweusi wa taka: kata mraba, ukunje pembetatu mara nne, kata matao kutoka upande wa mkunjo, kisha ufungue. Ule utando wa pamba unaonyooshwa, unaouzwa katika vifuko, nautumia ndani tu, kwa sababu nje hunasa ndege na wadudu. Mirija ya boksi nayo hutobolewa macho mawili yaliyoinama, hutiwa ndani kijiti cha mwanga, kile cha plastiki kinachong'aa kikikunjwa, na kufichwa vichakani. Kazi yake ni dakika tatu, na huwashtua watu wazima zaidi kuliko watoto.

Mawe ya makaburi ya boksi yana mashabiki wengi. Gundisha mapande mawili ya boksi, kata umbo la sentimita 60 kwa 40 lenye kichwa cha mviringo, paka rangi ya kijivu iliyochanganywa na mchanga kidogo, kisha dona sponji yenye rangi nyeusi pembeni. Usiandike jina la mtu. Andika "Hapa Kalala Chaji Asilimia Moja" au "Buriani Mshahara wa Tarehe 5". Nyumba yenye msiba wa karibuni, au yenye jirani aliye na msiba, iache pambo hili kabisa. Mimi mwenyewe niliacha kulitumia.

Usiku wenyewe

Jaribu taa zote Oktoba 30, saa moja usiku, ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara. Utaona papo hapo kipi kimezidi na kipi hakionekani, na mara nyingi dawa ni kupunguza. Zima taa kali ya darini, ibaki moja tu ya mlangoni, kwani katika desturi ya huku taa ya mlangoni iliyowaka ndiyo inayowaambia watoto kwamba wanakaribishwa peremende, na iliyozimwa humaanisha wapite.

Njia kutoka barabarani hadi mlangoni ibaki wazi kwa upana wa mita moja, bila nyaya za kukanyagwa, kwa sababu nusu ya wageni huona kupitia matundu ya barakoa. Moto usiwepo popote. Mabua makavu ya mahindi, shashi, karatasi na nguo za kubuni za watoto vyote hushika moto kwa haraka mno, na mshumaa wa betri ni rahisi kuliko kitu chochote kitakachoungua. Wakaao kwenye maghorofa ya kupanga wasome mkataba kwanza, kwani majengo mengi hukataza kutundika chochote kwenye korido au mlango wa dharura.

Novemba 1 asubuhi, pitia madukani: taa, mishumaa ya betri na shashi hushuka hadi nusu bei au chini ya hapo, na ndiyo siku ya kununulia vya mwakani. Nyumbani, boga livunjwevunjwe na kufukiwa bustanini au kupelekwa panapokusanywa taka za mboji, si kutupwa porini. Lililotiwa jiki au rangi lisiliwe na mtu wala mfugo. Madumu yamwagwe kokoto na yachomekwe kwenye mfuko mmoja mkubwa, makopo yapangwe katika boksi, na vivuli vya dirishani vilazwe chini ya kitanda vikiwa bapa na gazeti katikati yake. Kabla ya kufunga boksi la taa, toa betri zote, maana zikikaa humo hadi Oktoba ijayo huvuja na kuozesha vishikio.